Saa ya ukutani isiyopiga kelele: nimehangaika hapa Kigoma mpaka nikapata moja

Mama yangu alikuja kutoka Kasulu mwezi wa pili, ametoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho moja tu, la pili bado linangoja zamu yake, akafikia kwangu hapa Mwanga. Siku ya tatu asubuhi naona saa ya sebuleni imesimama saa nne na robo. Nikabadilisha betri. Kesho yake imesimama tena, safari hii saa tatu na dakika hamsini, nikaanza kumlaumu kimoyomoyo aliyeniuzia betri, kumbe bana ni mama. Kila usiku tukishaingia kulala anapanda kwenye stuli, na jicho lake hilo la operesheni, anachomoa betri anaiweka chini ya mto, asubuhi anairudisha na hasemi kitu. Nilipombana akasema, "Mwanangu, hiyo saa yenu inanigonga kichwani usiku kucha, na hata nikiitazama sioni inasema nini, sasa faida yake iko wapi?"

Swali zuri, sikuwa na jibu.

Ile saa aliinunua mume wangu kwa elfu kumi na mbili kwa machinga, ina nembo ya timu yake (ni moja ya zile mbili za Kariakoo, tuishie hapo hapo), nembo imejaa uso mzima, mishale ya rangi ya dhahabu inapita juu ya maandishi ya rangi ya dhahabu, namba zenyewe ziko nne tu, 12, 3, 6 na 9, afu ndogo kama za kwenye kalenda ya mfukoni. Mimi nilikuwa naisoma kwa mazoea tu, yaani najua mshale ukiwa karibu na mguu wa yule mnyama basi watoto washarudi shule. Mgeni hawezi. Na kelele ndo usiseme, chumba anacholala mama kimetenganishwa na sebule na ukuta wa plaiwudi tuliougawa wenyewe, na saa tumeitundika hapo hapo kwenye plaiwudi, kwahiyo mama alikuwa analala kama ameweka sikio kwenye ngoma. Tako, tako, tako, mpaka asubuhi.

Kabla ya kutumia hela nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa anayekaa barazani karibu na soko, nikamwambia shikamoo mzee, naomba uipunguze sauti. Akacheka sana. Akafungua kile kiboksi cheusi cha nyuma, ile wanaita mashine, akanionyesha: kuna koili ya waya mwembamba, kuna kisumaku kidogo, na vigurudumu vya plastiki. Nilivyomuelewa ni kwamba ndani kuna kijiwe cha kwatzi ambacho kikipata umeme wa betri kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, saketi inaigawa hiyo namba kwa mbili, tena kwa mbili, mara kumi na tano, inabaki moja. Hiyo moja ndo inayokipiga teke kile kisumaku, kila sekunde teke moja, na teke hilo ndo tako unayoisikia. Kwahiyo saa haina ugonjwa, ndo inavyotembea. Ukitaka kimya tafuta mashine ya aina nyingine, ambayo haipigi teke moja kubwa bali inasukuma kidogokidogo bila kupumzika, mshale wa sekunde hauruki, unateleza. Akasema, "Wewe dukani usiulize maneno, angalia mshale."

Na nyie mnaodhani Quartz ni jina la kampuni, kama mimi nilivyodhani miaka yote, hapana, ni hicho kijiwe tu ndo kimeandikwa, ndo maana saa ya elfu nane na ya laki moja zote zimeandikwa Quartz usoni.

Ningemsikiliza yule mzee ningekuwa nimeokoa elfu ishirini na nane. Niliingia duka moja kubwa kubwa la mapambo ya nyumba, silitaji, nikamuuliza dada wa pale, "Mna saa isiyokuwa na sauti?" Akasema zipo, akanitolea moja nzuri jamani, fremu ya dhahabu, katikati kioo cha kujitazamia, namba za Kirumi. Haina sauti? Haina sauti kabisa dada yangu. Nimefika nyumbani nimeweka betri: tako, tako, tako. Nikarudi nayo asubuhi na hasira zangu zote, na yule dada kwa upole kabisa akaniambia, "Si ulisema isiwe na sauti? Hii haiiti." Kumbe yeye kwa lugha ya dukani saa yenye sauti ni ile inayopiga kengele kila saa au ile inayoimba kimuziki. Tako tako kwake siyo sauti, ni saa inatembea! Sijui nimlaumu nani. Hela hawakurudisha, kwenye risiti kulikuwa na mstari ule wa mali ikishauzwa hairudishwi, wakakubali tu nibadilishe. Nikabadilisha na ya aina ile ile ila mshale wake unateleza, nikasema angalau tatizo la kelele limeisha.

Na lilikwisha kweli. Hiyo ya pili ilikuwa kimya. Lakini mama akaiangalia asubuhi, akaiangalia mchana, jioni akaniambia, "Hii naona uso wangu vizuri sana, saa ndo siioni." Fikiria, mishale ya dhahabu juu ya kioo, mchana dirisha linang'aa humo ndani, usiku taa inang'aa humo ndani, na hizo namba za Kirumi mama hajawahi kuzisoma maisha yake yote, kwanza kwenye saa ile nne wameiandika vistari vinne, IIII, mwanangu wa darasa la tano akaanza kubishana nami kwamba mwalimu kasema ni IV. Wote wako sahihi, kwenye saa nyingi ndo wanavyoiandika hivo tangu zamani. Ila mimi sikununua saa ili tufanye somo la hesabu. Saivi iko chumbani kwangu juu ya meza ya kujipodolea, nafungia kilemba.

Hapo katikati jirani yangu mmoja, mama mtu mzima wa Kiujiji, roho yake nzuri, akaniazima saa yake ya umeme, zile nyeusi zenye namba nyekundu za kuwaka, zinazotoa adhana. Kwa kuonekana hakuna mpinzani, hata kipofu nusu anaiona kutoka uani. Na haina tako. Lakini kuna mambo. Usiku ule wekundu umejaa sebule nzima kama kuna mtu anachoma mkaa, mtoto wangu mdogo akawa haamini kwamba ni usiku. Umeme ukikatika inazima, ukirudi imejiwekea saa sita kamili inawakawaka. Na adhana nayo: kwenye orodha yake ya miji Kigoma haimo, mwenyewe aliiwekea Dar es Salaam, basi inaadhini magharibi wakati jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, watu hawajaanza hata kutia udhu. Si kosa la saa, sisi tuko mbali magharibi, jua la Dar linatangulia letu karibu dakika arobaini, ila nchi nzima tunatumia saa ile ile. Jirani mwenyewe anajua, anasikiliza msikiti, ile ya kwenye saa anaiita "adhana ya Dar."

Hili la jua naomba nilisemee kidogo kwasababu ndo linalofanya saa hapa kwetu iwe kitu cha lazima. Mtu wa Dar akiamka saa kumi na mbili asubuhi anaona mwanga unaingia, sisi saa kumi na mbili ni giza, miezi mingine jua linachomoza saa moja imeshapita. Ukimuamsha mtoto wa shule kwa kuangalia dirisha umeshachelewa. Kwahiyo saa inasomwa gizani au kwenye mwanga hafifu wa koridoni, na mtu ambaye macho hayajafunguka vizuri, na hapo ndo unaijua saa nzuri na saa ya urembo.

Kitu kingine nilichojifunza kwa mama, na sijawahi kukisikia kwa muuzaji yeyote. Mama haisomi saa kama mwanangu. Mwanangu anaona mshale mfupi uko kwenye 7, anajua ni saba ya Kizungu, anatoa sita, anapata saa moja. Mama hatoi kitu. Anatazama upande wa pili. Mshale uko 7, ng'ambo yake kuna 1, basi saa moja. Uko 10, ng'ambo kuna 4, saa nne. Ni haraka na hakosei, na kumbe ndo maana saa ya namba za kuwaka ilimchosha, ile ikiandika 10:20 hakuna ng'ambo, inabidi apige hesabu. Sasa kwa msomaji wa aina hiyo saa lazima iwe na namba zote kumi na mbili, kubwa, zisizofichwa na ua wala nembo, maana namba anayoisoma siyo ile inayoguswa na mshale, ni ile ya upande wa pili. Na mkia wa mshale uwe mfupi! Ile saa ya kioo mishale yake ilikuwa na mikia mirefu yenye mashada huko nyuma, mama akawa anauliza akrabu ni ipi na mkia ni upi. (Yeye anasema akrabu, sisi mishale. Watoto wanasema mikono, nafikiri wameitoa shuleni.)

Basi ya tatu ndo hii ninayoisifia leo. Sikuipata kwenye duka la saa wala la mapambo, nimeikuta stationari, naenda kununua madaftari naona imetundikwa juu ya mashine ya fotokopi, saa ya kiofisi kabisa, ile ambayo ungeiona kwenye korido ya hospitali usingeikumbuka. Uso mweupe usiong'aa, namba nyeusi nene 1 mpaka 12, mishale myeusi, wa saa mfupi mnene, wa dakika mrefu unafika mpaka kwenye vile vistari vya dakika, wa sekunde mwekundu mwembamba. Mwekundu unateleza. Nikasimama pale kama mshamba nauangalia unazunguka. Nikamuuliza kaka wa dukani kama anazo nyingine, akatoa tatu kwenye maboksi, elfu ishirini na mbili, tukaongea ikafika kumi na tisa.

Safari hii sikukubali kirahisi. Nikamwambia weka betri. Akaweka. Sasa dukani kuna fotokopi inaunguruma, nje bodaboda, utasikia nini? Nikaichukua ile saa nikailaza kwenye boksi tupu la karatasi za fotokopi, nikaweka sikio kwenye boksi. Hii mbinu ni yangu, boksi linafanya kazi ya ule ukuta wetu wa plaiwudi, kama kuna tako utaisikia tu. Nikasikia kitu kama mbu aliye mbali sana. Ya pili yake kwenye boksi lake ilikuwa inakwaruza kidogo, yaani saa hizo hizo, boksi hizo hizo, bei hiyo hiyo, moja inakwaruza moja haikwaruzi, kwahiyo msichukue iliyofungwa. Afu nikamwambia kaka shika hapo nirudi nyuma, nikahesabu hatua nane mpaka nje barabarani, nikafumba jicho moja na lingine nikalikunja kama naangalia jua, na bado niliisoma. Watu wanapita wananishangaa. Tukakubaliana kwa mdomo kwamba nikilala nayo usiku mmoja na mama akaikataa nitairudisha na boksi lake, akaniandikia nyuma ya risiti. Hilo peke yake lilinifanya nimpende yule kaka kuliko wale wa mapambo na kiyoyozi chao.

Kwa rula ya mtoto uso una sentimita 30, namba zina urefu wa sentimita tatu na nusu. Sebule yetu toka kochi mpaka ukutani ni kama mita nne. Mama anaisoma akiwa amekaa, bila miwani, kwa jicho lililofanyiwa operesheni. Kwa lile jicho bovu anasema anaona "chapati na vijiti viwili", na kwa vijiti peke yake anakadiria, hakosei zaidi ya dakika tano. Kuhusu usingizi, usiku wa kwanza nilikaa sebuleni kwenye saa sita hivi, nimezima feni, friji limenyamaza, nikasogea mpaka pua inagusa kioo ndo nikasikia kale kambu. Hatua moja nyuma hamna kitu. Asubuhi betri ilikuwa mahali pake. Miezi minne sasa, mama hajaichomoa hata mara moja.

Ila haijakamilika, nisije nikaonekana nimelipwa. Gizani kabisa huioni, haina ile dawa ya kung'aa, na hata zile zenye dawa nilizoziona zinang'aa lisaa limoja baada ya kuzima taa afu zinafifia, maana dawa yenyewe inakula mwanga kwanza. Mama anatumia tochi ya simu, imekwisha. Kioo chake ni kioo, siyo plastiki, kwahiyo nilipoitundika mara ya kwanza ikitazamana na dirisha, saa kumi jioni jua likija la ziwani ilikuwa inageuka sahani nyeupe, nikaihamishia ukuta wa pembeni, ule wa matofali, na huko hata ingekuwa na tako isingesikika kama kwenye plaiwudi. Kitundu cha kutundikia kiko juu sana na kifupi, msumari wa kawaida hauingii vizuri, siku ya kwanza ikabaki imeinama kama inasikiliza umbea, nikaweka skrubu. Fremu ni plastiki na naona imeanza kupata rangi ya chai ya maziwa upande wa jikoni. Na imekimbia mbele kama dakika moja kwa hiyo miezi minne, hilo kwangu ni sawa, nikisikia taarifa ya habari narudisha.

Betri. Mashine za kuteleza zinakula betri kuliko za kuruka, maana injini yake haipumziki, ndo gharama ya kimya. Betri ya kwanza aliyoniwekea kaka, ile ya bei rahisi ya mia tano, ilikaa wiki kumi na moja. Nikaweka alkalini ya elfu mbili, mpaka leo inadunda. Mnaotumia zile za rahisi msiziache ndani zikishakufa, zinavuja, nimeshaona kwa yule mzee mashine ya mtu imeota kutu ya kijani kwenye zile springi kisa betri ilisahauliwa tangu Krismasi. Na hamna haja ya kusubiri saa isimame. Ile yenye mshale wa kuruka ikianza kuchoka tazama mshale wa sekunde unapopanda upande wa 9, utauona unajaribu, unarudi, unatetemeka pale pale, kwasababu hapo ndo inaunyanyua dhidi ya uzito wake, betri dhaifu inashindwa mlima. Hii ya kuteleza mimi ilianza kuchelewa kwanza, dakika kumi, kesho yake nusu saa, mwanangu akapigwa fimbo ya kuchelewa kwasababu ya betri ya mia tano, sitasahau.

Kuna walioniambia kwa nini nisitumie simu tu. Simu yangu inazima, imefichwa, iko chaji kwa jirani, au iko mkononi mwa mtoto. Na mama simu yake ni ya kitochi, kuangalia saa mpaka aitafute kwenye khanga.

Ile ya mume wangu sijaitupa, ndoa ni kuvumiliana, nimeihamishia kibarazani. Huko inagonga inavyotaka, na kuku hawajalalamika.

Mama anarudi Kasulu mwisho wa mwezi huu, akangoje zamu ya jicho la pili. Juzi nimemkuta anakunja magazeti ya zamani, nikamuuliza ya nini mama, akasema ya kufungia saa, barabara ina mashimo. Hakuomba, alinitaarifu. Jana nikapita stationari, kaka anasema imebaki moja, na ndo ile inayokwaruza. Nimemwambia akileta mzigo mpya anipigie kabla hajaitundika.